Ticha wa Kidole Mdomoni

Ukimuuliza mama yeyote wa ploti yetu dekea nzuri ya Huruma ni ipi, hatakujibu kwanza. Atakupeleka mpaka kwenye mlango wa buluu ulio kando ya posho mili, akushike mkono, akwambie, "Hebu sikiza. Unasikia nini?"

Utasikia mashine ikisaga mahindi.

"Na watoto?"

Watoto huwasikii. Wamejaa mle ndani kama viatu mlangoni pa msikiti siku ya Ijumaa, na hakuna anayelia, anayecheka, wala anayemwambia mwenzake rudisha biskuti yangu.

"Sasa hiyo," mama atasema akiuachia mkono wako, "ndiyo dekea."

Dekea, kama hukulelewa Eastlands ya Nairobi, ni chumba unachoachwa asubuhi mama akienda kazini na kuchukuliwa jioni akirudi, ukiwa na kikombe chako chenye jina na suruali ya mtoto mwingine. Mwenye chumba hicho tunamwita Ticha. Jina lake halisi silijui. Kitambulisho chake lazima kina kitu kimeandikwa, lakini hata keateka, mtunza nyumba za ploti, humwita Ticha. Kwao ni wapi pia sijui. Mimi naamini hakuzaliwa; alifika tu siku moja na uji ukiwa tayari umechemka.

Ninachojua ni kwamba ndugu yangu mdogo, Jayden, nusura akose shule kwa sababu yake, kisha akaipata kwa sababu yake, na mpaka leo sijaamua nimshukuru ama nimshtaki kwa chifu. Kwa hivyo nimeamua kumcheka. Kucheka ni kazi ambayo sikuhitaji kuisomea.

Akina Jayden ndio walikuwa wengi mle. Kulikuwa na Jayden wa Mama Chapo, Jayden wa ghorofa ya nne, na Jayden wetu. Ticha akiita "Jayden!" nusu ya benchi inasimama. Hakuona shida. "Mmoja akikosea, wote wanajifunza," alisema, na alichapa meza badala ya kuchapa watoto, akisema meza haina mama wa kuja kupiga kelele.

Umbo lake: mfupi, mpana, aproni yenye mfuko mbele kama kangaruu. Ndani ya mfuko kulikuwa na vibanio vya nguo, tishu, nusu biskuti, na wakati mwingine soksi ambayo hakuna aliyeidai. Mgongoni kulikuwa na mtoto. Alikuwa na msimamo mkali kuhusu hilo. "Mimi sibebi mtoto," aliwaambia wazazi siku ya kwanza. "Hii ni shule. Ukitaka wa kubebwa, peleka kwa nyanya yake." Alisema hivyo huku akijitikisa taratibu, kwa sababu mtoto aliyekuwa mgongoni alikuwa anaanza kuamka.

Kuna alasiri moja ploti nzima ilimtafuta Nasra. Nasra ni binti wa mama anayeuza mashuka ya jumla Eastleigh, msichana mdogo mwenye macho makubwa ambaye alikuja dekea akijua Kisomali peke yake. Ticha alitoka nje akipiga mayowe kwamba Nasra ameibwa. Tukatafuta chini ya ngazi, tukatafuta nyuma ya matangi, mwenye posho mili akazima mashine, kitu ambacho hafanyi hata kukiwa na msiba. Boda boda wawili walikuwa tayari wameondoka kuelekea Kariobangi. Ndipo nilipomuuliza Ticha, kwa heshima zote, "Na huyo mgongoni ni nani?"

Akapapasa nyuma. Nasra akapiga miayo.

"Nilikuwa napima majirani," Ticha akasema. "Nione kama mnajali."

Tangu siku hiyo akaanza kuniita Redio, kwa sababu eti habari hiyo niliisambaza mpaka Shauri Moyo. Ni uongo. Niliishia Kariobangi.

Mama yangu anauza nguo za watoto Gikomba, na alimchagua Ticha kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ule ukimya. Ya pili iliandikwa mlangoni kwa rangi nyekundu: HAKUNA TV. TUNASOMA. Wakati huo dekea nyingine zote za mtaa zilikuwa zimenunua televisheni, na wamama walikuwa wamezichoka. Unampeleka mtoto ana lugha moja, unamrudisha anaimba tangazo la mafuta ya kupikia. Kwa hivyo Mama alipoona ule mlango, aliusoma mara mbili, akasema, "Huyu ameelimika."

Elimu yenyewe nitakueleza. Ukiingia, watoto walisimama wote na kukariri kwa pumzi moja Kiingereza cha kukusalimu, kukujibu kabla hujauliza, kukushukuru, na kujiambia wenyewe wakae chini. Wakakaa. Hicho kilikuwa Kiingereza. Hesabu ilikuwa kuhesabu vikombe. Sayansi ilikuwa kuosha mikono kwenye beseni moja, maji yakianza meupe na kuisha rangi ya chai.

Na jiografia, ama sijui niite biolojia, ilikuwa chati ya wanyama. Ilikuwa kubwa, imechorwa kwenye kitambaa cha turubai, imening'inizwa ukuta wa mbele kwa kamba ya kuanikia nguo. Aliyeichora ni yule jamaa anayechora mabango ya bucha. Ng'ombe wake anatabasamu. Simba wake ana mapaja ya ng'ombe. Twiga ana mafuta pembeni. Wanyama wote wanaonekana kama wanajua bei yao kwa kilo. Siku moja nilimuuliza Jayden, nikionyesha simba, "Huyu ni nani?"

"Nyama," akasema.

Nilimweleza Ticha, akanitazama kutoka chini hadi juu. "Kwani amekosea? Ukimkata simba utapata nini, mihogo?"

Lakini kazi yake kubwa, iliyompa sifa mpaka ng'ambo ya barabara, ilikuwa kidole. Ticha akisema "Kidole!" kila mtoto aliweka kidole cha shahada juu ya midomo na kukaa wima kama askari wa lango la benki. Hawakuguna. Hata wale ambao bado hawajui kutembea walikuwa wanajua kidole. Nilipokuwa nikimchukua Jayden jioni, nilikuta safu ya vidole ikinitazama, na Ticha amesimama mbele, mikono kiunoni.

"Unaona hii? Kelele ni ya watoto ambao hawajasoma. Wangu wako tayari."

"Tayari kwa nini, Ticha?"

"Tayari. Wewe ungepitia kwangu, usingekuwa hivyo ulivyo."

Wazazi walipenda sana neno hilo. Kila Novemba alifanya hata sherehe ya kuwaaga waliokuwa tayari. Watoto walivaa majoho aliyoshona kwa kitambaa cha pazia na kofia za katoni ya sabuni, na wengine walihitimu wakiwa bado kwenye nepi. Mgeni rasmi alikuwa mwenye posho mili, aliyekuja na unga kwenye nyusi akatoa hotuba ndefu kuhusu mahindi mabovu ya mwaka huo. Ticha mwenyewe alivaa joho jeusi la ukubwa wake. Wamama walilia. Mimi nililia pia, lakini kwa kujizuia kucheka, na Mama akanifinya.

Usidhani nasema hakuna alichofanya. Mtoto akiwa na homa alijua kabla hujafika nyumbani, na alikupigia simu akuambie umemletea kaa la moto. Jayden wetu aliposhikwa na mafua ya kifua, ni yeye aliyempeleka kliniki akikimbia na ndara, kisha akamsubiri Mama mlangoni ili amgombeze vizuri. Mama akichelewa sokoni aliambiwa, "Mama Jayden, hii si stoo ya mizigo ya Gikomba." Mzazi aliyechelewa zaidi alikuta mtoto wake amelishwa, ameoshwa, na ametukanwa kwa niaba ya mzazi. Yote hayo nayakubali. Lakini sifa ya mlango wa buluu haikuwa homa wala kuogesha. Ilikuwa kidole.

Kulikuwa na mambo mawili ya ajabu kuhusu Jayden nyumbani, ambayo tuliyaona na hatukuyaelewa.

Moja, Kiswahili chake. Sisi hapa Huruma tunaongea Sheng, na Mama akikasirika anaongeza Kikuyu. Jayden akinyimwa soda hakulia kama watoi wengine. Aliweka mkono kifuani na kusema, "Mama, jamani, unanivunja moyo." Siku moja nilimnyang'anya rimoti akaniambia, "Naomba unisikilize. Mimi na wewe tumefika mwisho." Mama alikuwa anawaita majirani wasikie. "Kiswahili sanifu! Mnaona Ticha anafundisha?"

La pili, televisheni yetu ikiwa imewashwa, Jayden alitulia tuli, hata ukimwita. Matangazo yakianza tu, mdomo wake ulifunguka kama bomba lililorudishiwa maji. Aliongea, akauliza, akasimulia. Kipindi kikirudi, kimya. Mama alisema atakuwa mfanyabiashara, ndiyo sababu matangazo yanamsisimua.

Basi ikafika wakati wa kutafuta nafasi ya PP1, darasa la kwanza la chekechea. Chekechea nzuri na ya karibu iko upande wa Kariobangi, nafasi ni chache, na kabla ya kukupokea mwalimu wake mkuu huketi na mtoto kidogo amwangalie. Mama alikuwa ameitaka nafasi hiyo tangu Jayden aote meno. Alimvisha suti ndogo aliyoificha isiuzwe sokoni. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hivyo nikaenda nao, kuangalia sinema ya bure.

Mwalimu mkuu alikuwa mama mrefu mwenye sauti ya upole. Aliinama mpaka macho yake yakalingana na ya Jayden.

"Hujambo? Unaitwa nani?"

Jayden akanyoosha mgongo. Akaweka kidole mdomoni.

"Hii ni nini?" Mwalimu akainua mpira.

Kidole.

"Ungependa tucheze?"

Macho ya Jayden yaliufuata mpira, mwili ukatetemeka kwa hamu, lakini kidole hakikutoka.

"Ni mtulivu sana, Mwalimu," Mama akasema, akitabasamu.

"Mama, hata hii meza ni tulivu."

Tabasamu la Mama likaganda. Mwalimu akaendelea, bila ubaya: "Sihitaji mtoto ajue kusoma. Hiyo ni kazi yetu. Nataka aniambie anaumwa, anataka msalani, mwenzake amemsukuma. Nataka aniulize kitu. Huyu huongea nyumbani?"

"Huongea! Anaongea kama hakimu!"

"Sijui nifanyeje. Leo asubuhi nimepata wengine watatu hivi hivi. Wavulana wawili wanaitwa Jayden, na msichana mmoja, Nasra. Nilianza kudhani ni ugonjwa wa kuambukiza." Akamwangalia Jayden tena. "Nitawaona wote tena Ijumaa. Akiwa bado hivi, tafadhali abaki nyumbani mwaka huu, na umpeleke akaangaliwe masikio na ulimi."

Mama hakulia pale. Alilia njiani, mbele ya duka la magodoro, ameshika suti ya Jayden kwa bega kana kwamba ingetoroka. "Mtoto wangu ana nini?" aliniuliza mimi, mtu ambaye hajawahi kuulizwa kitu cha maana. "Kuna nini anafanyiwa kule?" Kisha akafuta uso, akaenda Gikomba kwa sababu siku ilikuwa haijaisha, akaniambia nimrudishe Jayden kwa Ticha na nimuulize Ticha vizuri.

Jayden aliingia dekea mwenyewe. Mimi nilibaki kwenye kibanda cha jirani nikila viazi na kupanga maneno yangu. Nilipofika mlango wa buluu ilikuwa saa nane na dakika chache. Jua lilikuwa kali, mlango umeachwa wazi kiasi cha mkono. Nikachungulia.

Chati ya wanyama ilikuwa imekunjwa juu na kubanwa kwa vibanio vya nguo, kama pazia la ukumbi. Nyuma yake kulikuwa na televisheni. Kubwa. Mle ndani mwanamke wa gauni jekundu, Mturuki, alikuwa akimlilia mwanamume mwenye ndevu, midomo yao ikienda upande huu na maneno upande ule, kwa Kiswahili safi kama cha watu wa Dar es Salaam: "Jamani, unanivunja moyo!"

Mbele ya televisheni, safu kwa safu, kidole mdomoni, dekea nzima. Na katikati yao Ticha, shingo imenyooka, mtoto mgongoni, sikio amelielekeza kwenye spika kwa sababu posho mili ilikuwa inanguruma. Hapo ndipo akili iliponijia. Kidole hakikuwa nidhamu. Kilikuwa rimoti ya sauti. Mwanamke huyu alikuwa amewazima watoto wa mtaa mzima ili asikie tamthilia.

Likaingia tangazo la sabuni.

"Matangazo!" Ticha akasema.

Vidole vikaanguka vyote pamoja na chumba kikalipuka.

"Pole pole! Mwenye ndevu ameenda wapi? Nilikuwa nabadilisha nepi."

Nasra akaruka juu ya benchi. "Ameenda hospitali! Kwa sababu Mama Mbaya amemwambia mtoto si wake!"

"Mtoto gani?"

"Yule wa farasi!"

"Hapana!" Huyo alikuwa Jayden wetu, yule aliyekuwa na ugonjwa wa ulimi asubuhi. "Kwanza alimwona kwa dirisha. Halafu akakasirika. Halafu ndiyo akaenda hospitali."

"Alikasirika kwa nini?"

"Kwa sababu ana wivu, Ticha. Lakini bado anampenda."

"Kesho itakuwaje?"

"Mama Mbaya atashikwa," akasema Jayden wa ghorofa ya nne.

"Hawezi. Askari ni ndugu yake," Nasra akamjibu, akimtazama kwa huruma.

Neno wivu mimi nilijifunza darasa la sita.

"Imerudi! Kidole!" Kimya.

Nilisubiri mpaka kipindi kikaisha, chati ikashushwa na ng'ombe akarudi kutabasamu. Ticha aliponiona hata hakushtuka vizuri.

"Redio. Umefunga shule ama shule imekufunga?"

"Ticha, kuna TV."

"Wapi?"

"Nyuma ya simba."

Akaangalia chati kana kwamba simba ndiye aliyesema. Nikamweleza: interviu, kidole, Mama mbele ya duka la magodoro, Ijumaa. Nikamwambia hawa watoto hawaongei mbele ya mwalimu yeyote mpaka waruhusiwe, na ruhusa ni neno moja analolijua yeye. Kipindi kilipoisha, kabla Ticha hajaniona, nilikuwa nimejaribu mwenyewe kumwambia Jayden "Matangazo!" pale mlangoni. Alinicheka: "Wewe si Ticha."

"Njoo Ijumaa uliseme," nikamwambia.

Aliketi kwenye benchi la watoto. Likalia. "Unajua hao wamama watakuwa wote pale? Nikifungua mdomo niseme hilo neno, watauliza ni matangazo ya nini. Hapo nimefunga dekea kwa ulimi wangu mwenyewe. Hao ndio chakula changu, Redio."

"Na Jayden abaki mwaka mzima?"

"Kwani kwangu ni jela?"

"Usipokuja nitaambia ploti nzima."

"Ambia. Nani huamini redio?"

Nikamwambia Mama jioni hiyo hiyo, nikiwa na ushahidi wote: simba, ndevu, farasi, Mama Mbaya. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, uso umechoka.

"Mtoto wangu hatapata shule, na wewe unaniletea vichekesho. Mlangoni imeandikwa hakuna TV."

Hiyo ndiyo faida ya kuandika kitu kwa rangi nyekundu.

Ijumaa tulikaa kwenye kibaraza cha chekechea, watoto wanne benchi moja: akina Jayden watatu na Nasra. Wamama wanne nyuma yao, hakuna anayemwangalia mwenzake. Mama wa Nasra alikuwa akisoma dua chini chini, Mama Chapo akikunja na kukunjua leso. Mwalimu mkuu alipotokea mlangoni tu, vidole vinne vikapanda.

"Tujaribu tena," Mwalimu akasema. "Jayden, leo umeamkaje?"

Kidole. Mwalimu akavuta pumzi. Mama yangu akainamisha kichwa.

Geti likalia.

Ticha aliingia akiwa amevaa lile joho jeusi la kuhitimisha watoto wenye nepi. Labda alidhani shuleni watu huvaa hivyo. Mgongoni joho lilikuwa limevimba. Kuna mtu alikuwa ndani yake. Alisimama mbali kidogo, akawatazama wamama mmoja mmoja kama anayewaaga. Akakohoa.

"Matangazo," akasema.

Sijawahi kusikia kelele tamu hivyo. Wanne waliongea kwa pamoja, wamesimama, mikono hewani. Mwenye ndevu ameamka hospitali! Hamkumbuki mkewe! Mama Mbaya amevaa nguo za nesi! Nasra alikuwa akimsahihisha kila mtu. Mwalimu mkuu alirudi nyuma hatua, akashika mlango, kisha akaanza kuuliza. Nani alianza? Halafu? Kwa nini alifanya hivyo? Wewe ungemwambia nini? Na kila swali lilipata jibu, na jibu likapata mpinzani.

Kisha Jayden akainua mkono. "Samahani, Mwalimu. Naomba niende msalani kabla hatujaendelea."

Mwalimu akacheka mpaka akafuta macho. "Januari," akamwambia Mama. "Wote wanne. Lakini nitawatenganisha benchi."

Furaha ya wamama ilidumu mpaka getini. Hapo Mama Chapo akageuka.

"Ticha. Matangazo ya nini?"

Ticha akavuta joho. "Ya TV."

"Si uliandika hakuna?"

"Hakuna ya watoto. Hiyo ni yangu. Wao hukaa tu hapo."

Mama yangu hakumtukana. "Nimelia barabarani, Ticha. Nikidhani mtoto wangu ni bubu." Ticha alijitikisa tu, taratibu, kwa ajili ya yule wa ndani ya joho. Jumatatu iliyofuata wazazi kadhaa walihamisha watoto, na kwa mara ya kwanza ukipita kando ya posho mili ulisikia ukimya wa kweli, ule wa chumba chenye nafasi.

Likizo ya Aprili Mama alinituma huko na mfuko wa sweta ndogo zilizokataa kuuzwa. "Mpelekee yule," alisema, bila kumtaja. Niliupata mlango wa buluu umepakwa upya. Ule uongo mwekundu ulikuwa umefutwa, mahali pake pakaandikwa: TUNATAYARISHA WASIMULIZI. Nilisimama nikaucheka mpaka ukafunguka.

"Redio. Umekuja kucheka ama kuingia?"

Ndani watoto walikuwa wachache kuliko zamani, sura ngeni nyingi. Chati ilikuwa imeshushwa na kutandikwa sakafuni. Mtoto mmoja alikuwa amelala juu ya twiga. Televisheni ilikuwa wazi ukutani bila aibu. Nilifungua mdomo nianze: kuhusu mlango, kuhusu joho, nilikuwa na vichekesho vya likizo nzima.

"Saa nane imefika," Ticha akasema. "Kaa chini. Kidole."

Nilidhani anatania. Safu ya watoto ilikuwa inaniangalia, kila mmoja na chake tayari. Nikaketi kwenye benchi, magoti yakanifika kidevuni. Nikaweka kidole.

Kipindi kikaanza. Mimi sikuangalia kipindi. Nilimwangalia Ticha, jinsi alivyonyoosha shingo, jinsi mkono wake ulivyorudi nyuma kumpapasa wa mgongoni, kuhakikisha kwamba yupo. Niliwaangalia wale wadogo wakimeza kila neno. Nilikuwa nakusanya ya kwenda kusimulia.

Likaingia tangazo.

"Matangazo! Leo tuna mgeni. Redio, anza wewe. Nini kimetokea?"

Nikatazama skrini. Sabuni ilikuwa inatoa povu. "Kuna... mwenye ndevu," nikasema. "Amekasirika."

"Alikufa wiki jana," akasema msichana mdogo aliyekuwa na kamasi mpaka mdomoni.

"Basi yule mwanamke..."

"Yupi?"

Benchi zima lilingoja, kwa adabu kabisa, jinsi wanavyongoja mtu anayetafuta kiatu. Yule wa kamasi akamgeukia Ticha, akatikisa kichwa.

"Ticha, huyu hako tayari."

Ticha alinitazama kutoka chini hadi juu, kama kawaida yake, na kwa mara ya kwanza nikaona meno yake yote.

"Mwambie mama yako akulete Jumatatu," akasema. "Na usisahau kikombe."